Bega la Kulia

Zimwi wa nne alirudi mezani kwa Bi Penseli saa tatu asubuhi, akiwa amepigwa mstari mwekundu kutoka pembe hadi kwato. Katika karakana ile mstari mwekundu ulikuwa na maana moja tu: hafai, anza upya.

"Huyu naye ana kosa gani?" aliuliza, ingawa hakuwa na nguvu ya kusikia jibu.

Mhariri alikuwa mtu mpole, mdogo kwake kwa miaka kumi na miwili, na kila alipotaka kumkatalia mtu kitu alijikuna kidevu kwanza. Alijikuna. "Ana pembe saba, dada yangu. Ana meno thelathini na mkia wa miiba. Na bado anaogopesha kama mto wa kulalia. Jana nilimwonyesha binti yangu, akaniuliza anauzwa wapi."

Kutoka meza ya dirishani, Wino, yule mwanamke mnene aliyepaka rangi vitabu vyote vya pale, aliangua kicheko mpaka brashi ikamponyoka. "Mwoneeni huruma jamani! Hamwoni macho yake? Zimwi mwenyewe kachoka. Kamrithi mama yake."

"Wewe paka rangi zako," alisema Bi Penseli, lakini hata kukasirika kulihitaji nguvu ambazo hakuwa nazo.

Karakana yenyewe ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la fundi viatu, na nyundo ya fundi ilisikika chini ya miguu yao mchana kutwa. Humo walitengeneza vitabu vya picha vya watoto: falme zisizo kwenye ramani yoyote, farasi wenye mabawa, mito inayojibu ukiiuliza njia. Bi Penseli aliingia pale akiwa msichana mwenye cheti kipya cha chuo. Sasa alikuwa na miaka hamsini na minne, sugu kidoleni, na mgongo uliolalamika kila alipoinuka kitini. Jina lake la kazi lilitokana na tabia ya kuchomeka penseli kwenye nywele, kuisahau, kisha kuitafuta meza nzima. Siku moja walimkuta nazo tatu.

Wachoraji wote waliopita pale walifundishwa naye, na wote walifundishwa jambo lilelile. Wino alikuwa amelihifadhi, na siku watu walipochoka aliliigiza, kifua mbele, brashi mbili kichwani badala ya penseli:

"Mtoto hakimbilii uso, anakimbilia umbo! Mviringo ni mapaja ya bibi, mtu anataka kukaa. Mraba ni mlango uliofungwa, sukuma uwezavyo. Pembetatu ni kisu, shika mbali. Chagua umbo moja, ulirudie kwenye kofia, ulirudie kwenye kiwiko, ulirudie kwenye ncha ya kiatu, mpaka macho yalizoee. Kisha msimamishe karibu na mtu asiyefanana naye hata chembe, ili kila mmoja amtangaze mwenzake. Na mwisho?"

"Mwisho mpake wino mweusi wote," wenzake waliitikia. "Ukimtambua bado, yu hai. Usipomtambua, mzike."

Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya vivuli. Hakuna mhusika aliyetoka pale bila kuchorwa mara moja akiwa mweusi mtupu, hana macho, hana mdomo, na kubandikwa ukutani wapitao wamtaje.

Kitabu walichokuwa nacho mezani kilikuwa cha sita katika mfululizo wa familia moja ya kifalme, na kilipaswa kwenda kwa wachapaji siku ya Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa zimwi. Bi Penseli hakuwa amepumzika miaka miwili, na Mhariri alikuwa ameahidi mbele ya mashahidi kwamba zimwi akipita tu, atampa likizo ya mwezi mzima. Mwezi huo alikuwa ameshaupangia kazi. Mama mkwe wake, aliyeishi naye, alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Daktari alikuwa tayari kumpasua, lakini alitaka awepo mtu wa kukaa naye nyumbani wiki nne, kumtia dawa na kumzuia kuinama. Mtu mwenyewe alikuwa Bi Penseli. Hakukuwa na mwingine. Mumewe alikufa miaka sita iliyopita na hawakujaliwa watoto.

Alasiri ile alikaa mbele ya karatasi tupu na kuona kwamba amekuwa akimwongezea zimwi meno kama mpishi anayeongeza chumvi kwenye chakula kilichoungua. Tatizo halikuwa meno. Tatizo lilikuwa kwamba zimwi hakuwa kinyume cha mtu yeyote. Alivuta mchoro wa mfalme, akaugeuza uso chini kwenye kioo cha meza chenye taa chini yake, kama wachoraji wafanyavyo wakitaka kuona makosa yao kwa macho mapya. Mistari ikatokea upande wa nyuma wa karatasi, kila kitu kimehama. Akaweka karatasi nyingine juu na kuanza kufuatisha, taratibu, bila kufikiri. Palipokuwa na mviringo aliweka pembe. Mfalme aliinamisha bega la kushoto. Huyu akainamisha la kulia. Mshuko wa bega lile akaurudia kwenye ukingo wa kofia, kwenye vidole virefu vyenye kucha, kwenye ncha za viatu. Kichwa akakigeuza kidogo nyuma, kama cha mtu anayehakikisha kwamba hafuatwi.

Ilimchukua dakika ishirini. Mhariri alipomwona hakujikuna kidevu.

"Huyu," alisema polepole. "Huyu ndiye. Wino, njoo. Huyu anakwenda kwenye jalada."

Wino alikuja, akatazama, akakunja mikono. "Sijui kwa nini simpendi," alisema. "Hana hata pembe."

"Ndiyo maana," alisema Mhariri. "Dada yangu, nenda kapange mizigo ya hospitali."

Bi Penseli hakupanga chochote. Alichukua vivuli vya kitabu kizima, akavitia kwenye bahasha kubwa, akaenda navyo nyumbani, kwa sababu kulikuwa na mtihani mmoja uliobaki, na huo hakuwahi kuuruka.

Mama mkwe wake aliuona ulimwengu kama mtu anayetazama kupitia kioo chenye mvuke. Nyuso zilikuwa zimempotea. Maandishi yalimpotea kabla ya nyuso, na kwa mwanamke aliyekuwa mke wa mwalimu mkuu, aliyesoma gazeti kila siku ya maisha yake, hilo lilimuuma zaidi. Lakini maumbo aliyaona. Alimtambua mgeni langoni kwa namna alivyosimama, kabla hajabisha hodi. Bi Penseli alikuwa amegundua kwamba kivuli ambacho Mama alikitaja kutoka ng'ambo ya meza, mtoto angekitaja kutoka mwisho wa darasa.

Kulikuwa na jambo lingine. Alipomchora mfalme wa kitabu cha kwanza, mwezi mmoja baada ya mazishi, mkono wake ulimpa mfalme bega la marehemu mumewe. Lilikuwa bega la ukoo mzima. Baba mkwe aliliinamisha hivyo, na shangazi za mumewe, na baba yao kabla yao: la kushoto, chini kidogo, kama mtu anayesikiliza. Mama alilitambua siku ileile, na mama mkwe huyu hakuwa mtu wa kujisifu bila sababu, ila sababu hakuzikosa. Kabla wiki haijaisha mtaa wote ulikuwa unajua kwamba ile familia ya kifalme ya vitabuni ni yao.

"Umekuja na watu wako, mwanangu?" aliuliza, akiwa amekaa kwenye kiti chake cha dirishani, kanga imekunjwa sawasawa mabegani. Jua lilikuwa bado halijatua.

"Nimekuja nao, Mama."

"Haya, wapange niwakague."

Bi Penseli alishika karatasi moja moja mbele ya mwanga.

"Huyo malkia. Kichwa kama chungu kilichofunikwa. Huyo mdogo ni wake, chungu kilekile ila hakijajaa. Huyo..." Sauti ya Mama ililainika. "Huyo mume wako, Mungu amrehemu. Mfikishie salamu. Huyo farasi. Mbona kanenepa?"

"Ana mimba, Mama."

"Ala! Hongera zake. Endelea."

Bi Penseli aliinua kivuli cha mwisho. Nje mtu aliita mtoto wake, mlango wa jirani ukafungwa. Mama alinyoosha mkono, akakichukua kile kivuli mwenyewe, akakisogeza karibu na dirisha, akakirudisha mbali, akakisogeza tena.

"Umempata wapi?"

"Nani, Mama?"

"Usinichezee shere. Nani amekupa picha yake? Zote nilizichoma kwa mkono wangu."

Hapo ndipo Bi Penseli alipokitazama kivuli kwa mara ya kwanza. Alikuwa amekichora, akakipaka wino, akasifiwa kwa ajili yake, lakini hakuwa amekitazama. Akaketi.

Mama mkwe alizaa wana wawili. Wa kwanza alikuwa mume wa Bi Penseli. Wa pili, kitinda mimba, alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, na kwa sababu hiyo, au kwa sababu asiyoijua mtu, yeye peke yake katika ukoo ule aliinamisha bega la kulia. Shangazi zake walimtania kwamba alizaliwa kwenye kioo. Bi Penseli aliishi naye nyumba moja miaka miwili ya kwanza ya ndoa yake: kijana mchekeshaji, mwenye kugeuka nyuma kila alipotoka mlangoni. Asubuhi ya harusi ya kijana huyo, bibi harusi akiwa ameshapambwa na wageni mia tatu wameketi ukumbini, alitoka hivyohivyo na hakurudi. Mama ndiye aliyesimama mbele ya wageni wale na kuwaambia waende majumbani mwao. Alisema maneno matano, hakulia, akawasindikiza mpaka mlangoni kama sherehe imekwisha salama. Tangu siku ile, miaka ishirini na miwili, jina lile halikutajwa nyumbani. Ikilazimu, alikuwa "yule". Kwenye ukuta wa sebule picha za ukoo zilipangwa kwa safu, na kati ya picha ya marehemu mume wa Bi Penseli na ya baba mkwe wake palikuwa na msumari usioning'iniza kitu. Hakuna aliyethubutu kuung'oa.

"Sikumkusudia, Mama. Naapa. Niligeuza karatasi ya mfalme tu. Nilitaka kinyume chake."

"Basi umempata kinyume chake." Mama aliweka kivuli mapajani, uso juu. "Kitabu hiki kinasomwa na mtaa mzima."

"Ndiyo."

"Na mtaa mzima nimewaambia kwamba bega lile ni letu."

"Umewaambia, Mama. Mpaka muuza mkaa anajua."

"Kitoe."

Bi Penseli alifumba macho. Aliuhisi uchovu ukipanda kutoka visiginoni. "Mama, ameshapita. Ijumaa anakwenda kwa wachapaji, tena kwenye jalada. Nikimtoa sina zimwi. Sina zimwi, sina likizo. Sina likizo, hospitali hatuendi. Nani atakaa nawe?"

"Macho yangu hayana pa kukimbilia. Yatangoja."

"Na watu wameshasahau. Miaka ishirini na miwili! Nani atakaa na kivuli akumbuke mtu?"

"Mimi nimekumbuka," alisema Mama. "Tena mimi kipofu." Vidole vyake vilipapasa ukingo wa karatasi. Aliposema tena, sauti yake haikuwa ya mwenye nyumba. "Alimwaibisha baba yake mpaka akaingia kaburini na aibu hiyo. Alinisimamisha mbele ya watu. Yule binti wa watu sitaki hata kumtaja. Hayo nimeyasema, na nikiulizwa nitayasema tena. Lakini hakuwa zimwi. Alikuwa mwoga, basi. Usimwoteshee kucha mwanangu mbele ya watoto wa watu."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka ishirini na miwili kumsikia akisema mwanangu na asimkusudie marehemu. Bi Penseli alivikusanya vivuli vingine, akaenda kuweka maji ya chai.

Asubuhi alimwambia Mhariri kwamba zimwi hawezi kwenda.

Mhariri alijikuna kidevu mpaka kikawa chekundu. "Kwa nini?"

"Anafanana na mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu."

Mhariri alimjua vya kutosha kutouliza mara ya tatu. Mambo ya nyumbani kwake Bi Penseli hayakupanda ngazi za karakana. "Basi mgeuze tu," alisema. "Dakika moja. Mgeuze karatasi, bega liende kushoto, hatafanana naye tena."

"Likienda kushoto linakuwa bega la mfalme. Kila mtoto atasema zimwi ni ndugu yake. Hata kama humwambii neno, umbo limeshamwambia."

"Si vibaya. Hadithi inanoga."

"Si katika hadithi yangu."

Mhariri alitazama kalenda ukutani. "Una leo na kesho," alisema. "Na nisikudanganye, dada. Nikianza jalada upya sasa, wewe huendi likizo mwezi huu. Nitakuhitaji mpaka kitabu cha saba kitoke. Miezi mitatu."

"Najua."

Alikaa tena. Jumatano yote alichora na kutupa. Kila alipotafuta kinyume cha familia ile mkono ulimrudishia bega la kulia, kama mlango ambao haufungi vizuri. Alhamisi asubuhi, macho yakimwasha, aliwatazama wafalme wake ukutani, akajiuliza swali alilowauliza wanafunzi wake mara mia: nini hasa kinachowafanya hawa wapendeze? Halikuwa bega. Ilikuwa kwamba kila kitu kwao kilirudi. Mshuko wa bega ulirudi kwenye taji, ukarudi kwenye mkunjo wa joho, ukarudi kwa mtoto, ukarudi kwa farasi. Jicho lilipopotea kwa mmoja lilipata nyumba kwa mwingine.

Basi akachora zimwi ambaye hakuna kitu chake kilichorudi. Sikio moja la mviringo na lingine kama jani lililokauka. Mkono mmoja mfupi wa mraba, mwingine mrefu usio na kiwiko. Mguu huu haukuujua ule. Hakumpa kucha wala meno. Kazi ilikuwa ngumu kuliko alivyodhani, kwa sababu mkono wa mtu umezoea kurudia, na kila dakika ilimbidi auzuie. Alipomaliza alihisi kama mtu aliyepanga vyombo vya nyumba kumi katika kabati moja.

Wino alikipaka wino kivuli chake yeye mwenyewe, akakibandika, akarudi nyuma hatua tatu.

"Maskini," alisema. "Hana ndugu hata mwilini mwake."

Mhariri alisimama hapo muda mrefu. "Huyu hanitishi kama yule," alisema mwishowe. "Lakini sipendi kumpa mgongo. Haya, apite. Kwenye jalada nitamweka malkia." Kisha, kwa upole: "Miezi mitatu, dada yangu. Nimeshasema."

"Umesema," alijibu Bi Penseli. Aliichomoa penseli kichwani, akaikuta ya pili, akaziweka zote mbili mezani.

Ijumaa alirudi nyumbani mapema. Mgongo ulimuuma, na nyundo ya fundi viatu ilikuwa bado inamgonga kichwani. Mama alikuwa kwenye kiti chake, na kile kivuli kilikuwa kwenye meza ndogo kando yake, chini ya kikombe kitupu ili upepo usikichukue.

"Nimemtoa, Mama. Hakuna atakayemwona."

"Na hospitali?"

"Miezi mitatu."

Mama alitikisa kichwa, kama mtu aliyetajiwa habari ya mvua. Bi Penseli alisogeza kikombe, akachukua kivuli. "Hiki nacho nikichane, tusisikie habari yake tena."

"Kuna picha nyingine yake humu ndani?"

"Hakuna, Mama. Ulizichoma."

"Nilizichoma." Mama alimtazama, au alitazama mahali umbo lake liliposimama. "Hiki hakina uso. Mtu akiingia hapa, ataona nini?"

"Ataona kazi yangu. Mchoro mweusi tu."

"Hataniuliza ni nani."

"Hatakuuliza."

Mama alivuta kanga mabegani, akainuka, akashika ukingo wa kiti mpaka alipopata nguvu. Alitembea bila fimbo mpaka kwenye ukuta wa picha, akapapasa fremu ya mwanawe wa kwanza, akapapasa ya mumewe, na kati yao kidole chake kikaukuta msumari bila kutafuta.

"Mtoe kucha kwanza," alisema.

Bi Penseli alileta mkasi wa kushonea. Alikata pembeni mwa vidole taratibu, vipande vyeusi vikaanguka sakafuni, mpaka vikabaki vidole vya mtu. Alikata ncha za viatu. Kisha akatoboa tundu juu ya kofia, akanyanyua karatasi kuelekea msumarini, na kwa mazoea ya miaka yote ile mkono wake ukaanza kuigeuza, aone kama kuna kosa.

"Usimgeuze," alisema Mama. "Mwache. Alikuwa hivyohivyo."